Uso Mpana Ndani ya Punje Ndogo: Oksidi Zenye Vinyweleo na Maji ya Kunywa Wilayani Kyela

Kila Jumamosi, katika soko la Lyulilo karibu na Matema, vyungu vya Wakisi hupangwa mchangani kando ya Ziwa Nyasa. Vingi hufinyangwa na wanawake wa Ikombe, kijiji kilicho chini ya milima ya Livingstone, na hufikishwa sokoni kwa mitumbwi. Mnunuzi mzoefu hukigonga chungu kwa kidole na kuusikiliza mlio wake. Akikijaza maji nyumbani, baada ya muda ukuta wa nje hutoa unyevu, na maji ya ndani hupoa hata katika joto la bonde la Kyela. Chungu hakijapasuka. Ukuta wake una vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana vilivyoungana, na maji hupenya humo hadi nje, hugeuka mvuke na kuondoka na joto.

Udongo wa mfinyanzi kwa sehemu kubwa ni oksidi, muungano wa oksijeni na elementi kama silikoni, alumini na chuma. Maabara zinazotengeneza nanomateria za oksidi hufanya kazi iliyo jamaa na ya mfinyanzi wa Ikombe: hutengeneza kitu kigumu chenye nafasi tupu ndani yake. Tofauti kubwa iko katika upana wa vitundu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni uchafu gani utakaoondolewa majini na ni upi utakaopita.

Jambo hili si la wanakemia peke yao. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele chake ni Aprili na Mei, wakati mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inapojaa. Visima vifupi na vyoo vya shimo hufunikwa na mafuriko yale yale. Wilaya imekwisha kukumbwa na kipindupindu mara kadhaa, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Katika majira hayo hayo vichujio vya maji huonekana kwa wingi, vingine vya msaada, vingine vya dukani, na baadhi vina neno «nano» kwenye kibandiko. Mhudumu wa afya huulizwa swali moja tu: je, maji yakishapita humu yanyweke bila kuchemshwa?

Uso hutoka wapi

Chukua mchemraba wa kitu kigumu wenye upana wa sentimita 1 kila upande. Una nyuso 6, na eneo lake lote ni sentimita za mraba 6. Ukikatwa vipande vya milimita 1 kila upande, vitapatikana vipande 1,000, na eneo la nyuso zote litakuwa sentimita za mraba 60. Ukiendelea kukatwa hadi kila kipande kiwe na upana wa nanomita 10 (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), eneo hufikia meta za mraba 600. Ujazo haukuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni uso.

Kukata si njia pekee. Kitu kigumu kinaweza kuachwa katika punje kubwa inayoshikika kwa vidole, lakini ndani yake kikatobolewa vinyweleo visivyohesabika, na kuta za vinyweleo hivyo zote zikahesabiwa kuwa uso. Ndivyo ilivyo alumina amilifu, oksidi ya alumini inayouzwa kwa ajili ya kusafisha maji. Gramu moja yake kwa kawaida ina eneo la uso la meta za mraba 200 hadi 350. Gramu 30 hivi, kiasi kinachojaa kiganjani, zina uso unaokaribia ukubwa wa uwanja wa mpira wa miguu.

Hakuna rula ya kupimia uso wa namna hiyo. Njia inayotumika hadi leo ilichapishwa Marekani mwaka 1938 na Stephen Brunauer, Paul Emmett na Edward Teller. Sampuli hupozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha hupewa gesi ya nitrojeni. Molekuli za gesi hunata ukutani. Kiasi kinachotosha kuufunika uso kwa tabaka moja hukokotolewa, na nafasi ya kila molekuli ikizidishwa kwa idadi yake, eneo hupatikana. Hivyo nambari kubwa inayoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa ni eneo linalofikiwa na molekuli ya nitrojeni, ambayo upana wake haufiki nanomita 1. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa kuwa ndilo litakalojibu swali la kichujio.

Kutoka shabu hadi alumina

Hatua ya kwanza ya utengenezaji wa oksidi hizi inafahamika katika nyumba nyingi. Kipande cha shabu kikizungushwa ndani ya ndoo ya maji ya tope, baada ya dakika chache hutokea mawingu meupe yanayokusanya uchafu na kuzama nao. Shabu ina alumini. Katika maji yasiyo na asidi nyingi alumini hiyo hugeuka haidroksidi, kitu laini kama ute kisichoyeyuka. Maabara huanza hapo hapo. Chumvi ya alumini huyeyushwa, besi huongezwa polepole, na jeli ya haidroksidi hutengenezwa, huoshwa chumvi zilizobaki, hukaushwa, kisha huchomwa.

Ukaushaji ndio unaoharibu kazi nyingi. Anayejua majaruba ya mpunga ya Kyela amekwisha kuona yanavyokuwa maji yanapokauka: tope husinyaa, hupasuka na kuwa gumu. Ndani ya jeli hutokea hivyo hivyo. Maji yanayoondoka katika kinyweleo chembamba huzivuta kuta zake, na kuta zikigusana, nafasi hufungwa na uso hupotea. Mwaka 1931 Mmarekani Samuel Kistler alionyesha njia ya kuliepuka tatizo hilo kwa kuondoa kimiminika katika joto na shinikizo ambamo mvuto wa uso wake haupo tena. Mabaki yake yalikuwa mepesi kuliko sufi, nayo mpaka leo huitwa eroijeli. Njia hiyo ni ghali. Kwa vichujio vya maji, ukaushaji wa taratibu na maji yenye kiasi cha alkoholi mara nyingi hutosha.

Baada ya hapo huja moto. Haidroksidi ikichomwa katika nyuzi 500 hivi za selisiasi, maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake hutoka, na mahali yalipotoka hubaki wazi. Hii ndiyo alumina yenye vinyweleo. Moto ukipandishwa kupita nyuzi 1,100, chembe huanza kuyeyukiana mipakani, hukua na kujipanga upya, na eneo la uso huporomoka hadi chini ya meta za mraba 10 kwa gramu. Kwa macho unga ni ule ule, mweupe, na kemia yake ni ile ile. Kilichokufa ni uso.

Ipo pia njia ya kutumia kiolezo: kitu huchanganywa na jeli ili kishike nafasi, kisha huteketezwa na kuacha tundu lenye umbo lake. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza silika iliyofinyangwa kuzunguka molekuli za aina ya sabuni, ambayo gramu moja yake ina uso wa meta za mraba 1,000 hivi na vinyweleo vilivyopangika kama sega la nyuki. Wanakemia hawaihesabu silikoni kuwa metali kamili, lakini mbinu hiyo ilihamishiwa upesi kwenye oksidi za titani, zirkoni, alumini na chuma.

Kyela ina kiolezo chake, nacho hutupwa nje ya kila mashine ya kukobolea. Mpunga hunyonya silika ardhini na kuiweka katika ganda. Kilo 100 za maganda zikiteketea huacha kilo 20 hivi za majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika. Maganda yakioshwa kwa asidi na kuchomwa kwa uangalifu katika nyuzi 600 hivi, hupatikana silika yenye vinyweleo na uso wa mamia ya meta za mraba kwa gramu. Maganda yale yale, yakichanganywa na udongo wa mfinyanzi kabla ya kuchomwa, huacha vitundu vikubwa zaidi. Hiyo ndiyo siri ya chungu cha kuchujia kilichobuniwa Guatemala na Fernando Mazariegos mwaka 1981, ambacho sasa hufinyangwa katika nchi nyingi.

Hapa daktari ana neno la tahadhari. Maganda yakichomwa kwa moto mkali kupita kiasi, silika hugeuka fuwele iitwayo kristobaliti. Vumbi la fuwele hizo likivutwa pumuzi kwa miaka huleta makovu ya mapafu yasiyopona, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Mtu anayefanya kazi penye marundo ya majivu ya maganda na mwenye kikohozi cha muda mrefu asiulizwe juu ya kifua kikuu peke yake. Aulizwe pia kazi yake.

Mlango wa nanomita kumi

Vinyweleo vya alumina na silika hizo kwa kawaida vina upana wa nanomita 2 hadi 50. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa nanomita 500 hivi, na urefu wake ni mara tatu au nne ya huo. Kumtaka aingie katika kinyweleo cha nanomita 10 ni sawa na kutaka mpira wa miguu upite katika tundu lisilozidi urefu wa punje ya mchele. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, vina upana wa nanomita 70 au zaidi; navyo haviingii.

Maana yake ni kwamba ule uwanja mzima wa mpira uliomo kiganjani haupo kwa bakteria. Yeye huona ngozi ya nje ya punje tu, na nafasi iliyopo kati ya punje moja na nyingine, ambayo ni pana mno kwake. Akisukumwa na maji hupita.

Walio na njia ya kuingia ni wale walioyeyuka: ioni za floridi, arseniki, fosfati, baadhi ya metali nzito. Ukuta wa alumina ukiwa majini hubeba vikundi vya oksijeni na hidrojeni, na katika maji yenye asidi kidogo huwa na chaji chanya. Floridi, yenye chaji hasi, huvutwa, hushika nafasi ya kikundi hicho na kunasa. Huu si ufyonzaji kama wa sifongo, ambao maji huingia na kutoka na vyote vilivyomo. Ni unasaji wa usoni, na ndiyo sababu uso una thamani.

Floridi yenyewe inastahili kutajwa kwa kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa; ikizidi kwa miaka huacha madoa menoni, na kwa viwango vikubwa hulemaza mifupa. Nchini Tanzania tatizo hilo linajulikana zaidi kaskazini, ambako kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo nao ni kitu chenye vinyweleo. Kyela haipaswi kuhesabiwa kuwa kama Arusha, wala kuhesabiwa kuwa salama bila kupimwa. Iko chini ya milima ya volkano ya Rungwe, na chemchemi za maji moto za Kasumulu, karibu na mpaka wa Malawi, na za Kilambo, katika bonde la Mbaka, zinaonyesha kuwa maji ya ardhini hapa hukutana na miamba ya moto. Kisima kirefu kipya kipimwe floridi kabla ya kukabidhiwa kijiji. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa kali zaidi.

Kwa hiyo kifaa chenye alumina peke yake kinaweza kuwa dawa halisi ya floridi na kisiwe kinga hata kidogo ya kipindupindu. Chungu cha kuchujia chenye vitundu vipana zaidi kinaweza kuzuia bakteria wengi, kwa kuwa njia zake ni nyembamba na zenye kona, na kikipakwa fedha huwaua baadhi ya wanaonaswa. Lakini hupitisha virusi wengi na floridi yote. Wabunifu makini huunganisha kazi hizo. Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio kinachounganisha mchanga wa kuchuja polepole na nanomateria zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali. Kifaa kilichopangwa kwa maji ya Karatu hakihamishwi Ipinda bila maji ya Ipinda kupimwa.

Uso unapojaa

Uso mpana ni mwingi lakini una mwisho. Tuseme kichujio kina kilo 2 za alumina, na katika maji ya kawaida kila gramu inaweza kunasa miligramu 1 ya floridi. Uwezo wake wote ni miligramu 2,000. Kaya inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, ikihitaji kuondoa miligramu 3 katika kila lita, hunasa miligramu 60 kwa siku. Baada ya siku 33 nafasi zimekwisha. Maji yenye besi, bikaboneti au fosfati nyingi hufupisha muda huo, kwa sababu nazo hugombea ukuta ule ule.

Kichujio kilichojaa hakitoi dalili. Maji hutoka kwa kasi ile ile, meupe, yenye ladha ile ile. Mtu huendelea kukiamini. Uso wa alumina unaweza kufunguliwa tena kwa magadi makali na kisha asidi, lakini hiyo ni kazi ya kituo chenye fundi na vifaa vya kinga, si ya nyumbani.

Mgonjwa wa figo ana neno lake hapa. Katika miaka ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine katika nchi kadhaa walipatwa na uharibifu wa ubongo uliotokana na alumini iliyokuwa katika maji ya mashine. Figo nzima huitoa alumini kidogo inayoingia mwilini. Figo iliyoshindwa haiwezi. Mgonjwa wa namna hiyo amweleze daktari wake akianza kutumia maji ya kichujio cha alumina, na asimeze dawa za kiungulia zenye haidroksidi ya alumini kwa mazoea.

Uso ule ule katika jokofu la chanjo

Mhudumu anayedhani kuwa hajawahi kushika nanomateria afungue jokofu la kliniki. Chanjo ya pentavalenti, ya nimonia, ya pepopunda na ya homa ya ini B hubebwa na chumvi za alumini. Haidroksidi ya alumini inayotumika katika chanjo ina uso wa meta za mraba 500 hivi kwa gramu, na kiini cha chanjo hunata usoni humo. Ikiganda kwa baridi, fuwele za barafu huzisukuma chembe hadi zishikamane, nazo hazitengani tena barafu inapoyeyuka. Mtoto huchomwa sindano, hulia, kadi huandikwa, na kinga inaweza isijengeke ipasavyo.

Katika wilaya yenye joto kama Kyela hofu ya kawaida ni joto, na mtu huweka barafu ngumu moja kwa moja kutoka kwenye friza kandokando ya vichupa ili kuwahi zahanati za mbali. Hapo ndipo uharibifu hutokea. Barafu iachwe ianze kuyeyuka, hata pakiti ikitikiswa maji yasikike ndani. Kichupa kinachoshukiwa hupimwa kwa kutikiswa pamoja na kingine cha aina na bechi ile ile kilichogandishwa makusudi na kuyeyushwa. Vyote viwili husimamishwa mezani. Kinachoshukiwa kikituama upesi sawa na kilichogandishwa, hutupwa. Kipimo hiki hakihusu chanjo ya surua na rubella wala BCG, zisizo na alumini.

Ndani ya nyumba, wakati wa mafuriko

Jibu la swali la kichujio, basi, hutegemea maneno matatu ambayo muuzaji anapaswa kuweza kuyajibu: kinaondoa nini, kilithibitishwa na nani, na uwezo wake huisha baada ya lita ngapi. Asipojibu, maji yake yatendewe kama maji ya kisima. Mlipuko wa kipindupindu ukitangazwa, hata kichujio kizuri hakiondoi haja ya klorini au kuchemsha hadi maji yatokote kwa nguvu. Utaratibu nao una maana: maji ya tope huchujwa au kutuamishwa kwanza, klorini hufuata, kwa kuwa tope huila klorini kabla haijawafikia vimelea. Maji yasubiri dakika 30. Shabu husafisha rangi ya maji, haiui.

Inabaki habari ya chungu kilichonunuliwa Lyulilo. Ukuta wake wenye vinyweleo, pamoja na utando wa viumbe na uchafu ulioshika humo kwa muda, hutumia klorini haraka kuliko ndoo ya plastiki. Maji yaliyotiwa dawa asubuhi yanaweza kuwa hayana klorini iliyobaki ifikapo jioni. Familia inayopenda ubaridi wa chungu haihitaji kukiacha. Itie dawa maji ya siku moja tu, ikifunike, iteke kwa kata yenye mpini mrefu isiyotumika kwa kazi nyingine, na mhudumu wa afya anapopita apime klorini ndani ya chungu chenyewe, saa za jioni. Kiasi kinachotakiwa ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.